Jiko la Manowari Korisanda

Asani alikula kiapo kabla hajaombwa. Alisimama mbele ya meza ya biro ya teritwari, ofisi ya wilaya, pale Kabambare, akaweka mkono wa kuume kifuani, akasema kwamba karatasi aliyoileta ilikuwa na jina lake, kazi yake na nchi aliyozaliwa, na kwamba Mungu amhukumu ikiwa hata moja kati ya hayo matatu ni la uongo. Kisha akafungua kopo la tumbaku, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya karani.

Dada yake Victorine alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya mlango. Walikuwa wametembea siku nne kutoka Kasongo, na miguu ilikuwa imemvimba mpaka juu ya vifundo. Aliposikia kiapo kile alishusha pumzi. Alijiambia kwamba mtu hawezi kuapa hivyo bila kuwa na karatasi nzuri.

Karani, kijana wa misheni aliyeitwa Théophile, aliifungua karatasi taratibu, maana mikunjo yake ilikuwa imeanza kuachana. Akasoma mstari wa kwanza. Akaurudia. Akamtazama Asani.

"Mzee, nani alikuambia kama humu muko jina yako?"

"Watu wa meli wenyewe. Walinipa siku waliponiachisha kazi."

"Walikusomea?"

Asani alifikiri kidogo. "Walinipa mkononi. Mtu akikupa karatasi yako, ataandika jina la nani mwingine?"

Théophile aliinuka akaipeleka karatasi kwenye meza ya ndani, alikokaa Bwana Delporte, ajenti wa leta, yaani serikali. Watu wa Kabambare walimwita Bwana Mara-Mbili, kwa sababu hakupiga muhuri juu ya kitu chochote bila kukiuliza mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga wala hakutukana. Lakini asiporidhika, mtu angeweza kukaa pale barazani mpaka nywele ziote mvi.

Victorine alijua vizuri sheria waliyoijia. Tangu mwaka uliopita, yeyote aliyetoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika alipaswa kuonyesha kwamba ni mzaliwa wa huku, ndipo aandikwe katika kitabu cha watu wa chifu wake na kupewa buku la kitambulisho. Asiyeweza kuonyesha alihesabiwa mgeni, na wageni walikusanywa wakapelekwa na polisi mpaka Albertville, wakapandishwa meli kurudi Kigoma. Kundi la safari hii lingeondoka Jumatatu. Na leo ilikuwa tayari Alhamisi.

Alikuwa amempata mdogo wake kwa miezi miwili tu.

Kabla ya hapo walikuwa wamepoteana miaka thelathini na sita. Ilikuwa wakati wa vita vya leta na Waarabu, Victorine akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na hata jina la ubatizo hajalipata. Watu wa misafara waliokuwa wakikimbilia Ujiji walipita kijijini kwao wakizoa kila aliyeweza kubeba mzigo. Yeye alijificha ndani ya shimo la kuvundikia ndizi. Asani, mwenye miaka tisa, alikimbilia kwa baba yao Kalonda, mfua vyuma, akashikwa pale pale penye mivukuto, akapelekwa ng'ambo ya ziwa hadi pwani. Kalonda alikufa kabla ya mwezi kuisha. Victorine alikulia Kasongo, akabatizwa na mapadri, akaolewa, akafiwa na mume, akawa mpishi wa masista. Kila jioni kwa miaka yote hiyo alimtaja Asani katika sala, mwanzoni pamoja na wazima, na baadaye, padri alipomshauri kwa upole, pamoja na marehemu. Kisha siku moja, akiwa anachambua mchele nyuma ya jiko la misheni, mtu mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu alisimama jua likiwa mgongoni kwake, akamuuliza kwa Kibangubangu cha kitoto, kibovu, kama yeye ndiye aliyevunja chungu cha mama akasingizia mbuzi.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari za chungu kile.

Sasa Bwana Delporte alitoka mwenyewe na karatasi mkononi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita au saba, mrefu, mwenye kovu dogo kwenye paji la uso. Alizungumza Kiswahili polepole, akichagua maneno kama mtu anayechagua mayai.

"Soma," alimwambia Théophile. "Wote wasikie."

Théophile alisoma na kufasiri. "Hii ni karatasi ya mutu wa manowari ya Waingereza, jina ya manowari Korisanda. Kazi yake kuchochea moto. Aliingia mwaka elfu moja mia tisa na tatu, akatoka mwaka kumi na tisa. Tabia yake nzuri sana. Alizaliwa Kabambare." Akamtazama Asani tena. "Jina yake Jim Fraidi."

Ismaël, polisi aliyesimama mlangoni, aligeuza uso ili kicheko chake kisionekane.

"Jim Fraidi," Asani alirudia. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyevua kiatu akakuta amekivaa mguu usio wake safari nzima. "Kumbe waliandika lile."

"Unalijua jina hili?" aliuliza Bwana Delporte.

"Nalijua, Bwana. Ni jina la kuitia chakula. Siku ya kuandikwa kule Unguja, karani wa meli alisema majina yetu ni marefu, hana wino wa kuchezea. Akatugawia yake. Mmoja aliitwa Chai. Mwingine aliitwa Bakuli, na alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili. Mimi nilipata hilo. Niliitika, maana usipoitika huli. Lakini nilidhani ni la mdomoni tu. Nilijua kwenye karatasi, kitu cha serikali, wataandika Asani."

"Na umeapa mbele yangu kwamba jina lako limo."

"Nimeapa, Bwana. Nimeapia kitu nisichoweza kukisoma. Mungu anisamehe."

Bwana Delporte alirudi nyuma ya meza ya karani akaketi. "Sikiliza. Karatasi hii ni ya kweli. Kuna mtu wa Kabambare aliyefanya kazi katika meli hiyo, hilo naamini. Lakini mtu huyo ni wewe? Au ni rafiki yako aliyekufa Unguja, nawe ukachukua kopo lake? Unasema Kiswahili cha pwani. Unavaa kama mtu wa pwani. Chifu wa kijiji unachokitaja, Heri, nilimwita jana mlipofika, hakukumbuki."

"Heri alizaliwa mimi nimeshaondoka."

"Inawezekana."

Victorine alisimama. Magoti yalimuuma, lakini alisimama. "Bwana, mimi ni dada yake. Mimi ninamujua."

"Mama, ulimwona mara ya mwisho akiwa na miaka tisa. Sheria hainiruhusu kuchukua neno la ndugu peke yake, nawe utanisamehe." Na kweli alisema kwa adabu, jambo lililomtia Victorine hofu kuliko ukali. "Lakini nitauliza. Hapa amepata bahati. Mimi nilipokuwa askari kwetu Ulaya, waliniweka mwaka mzima ndani ya manowari ya namna hii hii. Ilikuwa kongwe, tuliyoazimwa na Wafaransa, imefungwa kwa kamba bandarini kama mbuzi. Nazijua. Mtu aliyekaa miaka kumi na sita ndani yake atajibu."

Akachukua kalamu.

"Korisanda ilikuwa na mizinga mingapi mikubwa?"

Asani alikunja uso. "Bwana, sikuihesabu. Niliisikia."

"Mingapi midogo?"

"Sijui."

"Daraja la nahodha lilikuwa mbele ya mlingoti wa kwanza au nyuma yake?"

"Sikuwahi kufika huko juu. Tulikatazwa."

"Meli ilipakwa rangi gani?"

"Nyeupe." Akasita. "Baadaye kijivu. Mara nyingi nilipotoka nje ilikuwa siku ya kupakia makaa, na siku hiyo kila kitu ni cheusi, hata meno."

Kalamu iliandika. Kila jibu kalamu iliandika, na Victorine, ambaye hakujua kusoma, aliweza kusoma vizuri sana mwendo wa mkono ule. Ulikuwa mwendo wa mtu anayefunga jambo. Aliingiza vidole ndani ya fundo la kanga yake akashika rozari. Hakuomba kwa maneno mengi. Alisema tu moyoni, Bwana Yesu, huyu umenipa wewe, usikubali wamchukue kwa sababu ya rangi ya mtumbwi.

"Miaka kumi na sita," alisema Bwana Delporte, "na hajui mizinga. Watoto waliokuja kutazama meli yetu siku ya Jumapili waliijua mizinga yote."

Hapo ndipo jambo lilipomjia Victorine. Lilikuja jepesi, kama vile mtu amemgusa bega. Alijiona mwenyewe katika misheni ya Kasongo, mikono imejaa masizi.

"Bwana," alisema, "mimi nimepika kwa masista miaka kumi na mbili. Uniulize ile nyumba yao iko na viti ngapi kwa sebule, sijue. Uniulize pazia iko rangi gani, sijue. Sijaingia kule hata mara moja. Lakini uniulize jiko. Jiko ile inakula kuni ya namna gani, mlango yake wa chini unashika wapi, moshi inarudi siku ya upepo gani. Hayo Sista Mkubwa mwenyewe hajue." Akapumua. "Huyu alikuwa mutu wa jikoni. Umemuuliza sebule tu."

Ismaël alikohoa. Théophile alitazama meza. Bwana Delporte aliweka kalamu chini. Victorine akasema Salamu Maria mbili.

"Mama ana haki," alisema mwishowe. Akamgeukia Asani. "Jikoni mlikuwa wangapi?"

Na Asani akabadilika. Mabega yaliyokuwa yameinama yalinyooka. "Zamu moja watu kumi na wawili, Bwana, saa nne kwa saa nne. Vyumba viwili, kila chumba boila nne, kila boila midomo mitatu ya moto. Midomo ishirini na minne. Mimi nililisha midomo mitatu, na wa pili wangu aliitwa Chai."

"Nichoree."

Walitoka barazani. Ismaël aliambiwa atoe kipande cha makaa kwenye pasi iliyokuwa ikipoa, akakitoa, na Asani akapiga magoti juu ya sakafu ya matofali. Alichora meli, lakini hakuichora kama watu wanavyoichora, kutoka ubavuni na moshi juu. Aliichora kana kwamba mtu ameikata katikati kwa panga, kama anavyokata papai, ukatazama ndani.

"Huu ndio mwili," alisema. "Huku nje, ubavuni, chuma chembamba tu. Ukigonga kinalia kama sufuria. Mtu asiyejua atasema manowari hii haina ngao. Ngao yake iko ndani." Akachora mstari mnene uliopinda, tambarare katikati, ukishuka pande zote mbili mpaka chini ya mstari wa maji. "Kama gamba la kobe. Sitaha nzima ya chuma, toka mbele hata nyuma. Kila kilicho cha uhai kimewekwa chini yake. Boila, injini, baruti, na sisi."

"Unene?"

Asani aliinua mkono. "Juu, palipo tambarare, vidole viwili vyembamba. Hapa inaposhuka, vidole vitatu. Nilikuwa napanda ngazi kupitia tundu lake kila siku, ukingo wake niliushika kwa mkono huu."

Bwana Delporte alikuwa amechuchumaa. Suruali yake nyeupe iligusa makaa, hakuona. "Na pembeni, hapa kati ya chuma chembamba na mteremko?"

"Ghala za makaa. Nne huku, nne huku. Na hapa, Bwana, ndipo watu wapya walipokosea wote. Mtu mpya huchota makaa yaliyo karibu naye, si ndiyo? Serang wetu, yule mkubwa wa wachochezi, alikuwa akimpiga mtu kofi kwa hilo. Makaa ya pembeni, ya juu, hayaguswi. Unaanza na ya mbali, unayavuta kwa mgongo, unatokwa jasho, na yale yaliyo hapa puani mwako unayaacha. Mimi nilidhani ni ukorofi wa Wazungu. Miaka mitatu nilidhani hivyo."

"Kwa nini hayaguswi?"

"Kwa sababu nayo ni ngao. Kombora likipasua ubavu linakutana na makaa, linazama humo kama jiwe kwenye unga. Hilo nililijua siku ya vita. Tulikuwa tukilinda mdomo wa mto mmoja wenye mikoko, na watu wa nchi kavu wakatupiga. Walipoanza, wale wa juu walifunga vifuniko vya tundu zote za sitaha. Vifuniko vya chuma, vizito, kwa minyororo. Sisi tukabaki chini. Hakuna aliyetuuliza." Alitazama mchoro wake. "Bwana, wewe wa juu unaona vita. Sisi tuliona saa ya mvuke tu, na sindano yake isishuke. Kulikuwa na kishindo kimoja upande wa kushoto, taa zikafa, vumbi la makaa likatoka kwenye kila mlango. Chai akaanza kusoma shahada. Mimi pia nikasoma. Lakini maji hayakuingia. Wiki tatu baadaye nilikuwa nachota katika ghala la pili la kushoto, beleshi langu likalia. Nikatoa kipande cha chuma kikubwa kama kiganja, kimejikunja, katikati ya makaa. Ndicho kilichokuja kututafuta."

Mwanamke mmoja aliyekuja kwa shauri la mbuzi alikuwa amesogea kusikiliza, na kikapu kichwani.

"Na hiyo meli ilifanya nini miaka yote mingine?" aliuliza Bwana Delporte. Hakuwa akiandika tena.

"Ilikula, Bwana. Ndiyo habari yake ninayoijua. Kule Unguja tulipewa makaa ya Uingereza, yanawaka safi, unaona moto mweupe na moshi mdogo. Tukienda kusini, Durban, tunapewa yale ya huko, moshi wake adui anauona kabla hajakuona wewe. Ya Bombay ni majivu tupu, kila zamu unakwangua mavi ya chuma mpaka kucha zinang'oka. Wengine waliijua bahari kwa nyota. Mimi nilijua tuko wapi kwa majivu. Tulifukuza majahazi ya watu wanaouza watu, tulibeba mabalozi, tulikwenda kuzika mfalme mmoja sijui wa wapi. Wenye meli walisema ilipokuwa mpya ilikimbia sana. Nilipoingia mimi ilikuwa tayari mzee. Chini iliota nyasi na chaza, nasi tulichochea kama wendawazimu ili itembee mwendo wa bibi harusi. Mwaka wa mwisho boila mbili zilikuwa zimekufa. Wakaiuza kwa wavunja vyuma. Siku ya kuzima, mimi ndiye niliyekokota moto wa mwisho kutoka mdomo wa mwisho, nikaumwagia maji. Chumba kikapoa. Sikuwahi kukisikia baridi. Nikatoka, nikapewa karatasi hii."

Victorine alikuwa amesikia vipande vya habari hizo jikoni kwake Kasongo, lakini si hivi, si kwa mpangilio. Alimtazama mdogo wake pale chini, kofia nyeupe na vidole vyeusi, akamwona baba yao Kalonda akichora umbo la jembe mchangani kabla ya kulifua. Ni mkono ule ule. Akatamani kulisema hilo, akajizuia.

Bwana Delporte alisimama. Kila mtu akasimama naye.

"Mara mbili," alinong'ona Ismaël kwa Théophile. "Bado moja."

Na kweli. "Swali la mwisho," alisema ajenti. "Hili halimo kwenye kitabu chochote. Unatoka penye boila, unakwenda kwenye ghala la pembeni, huna taa. Mtu mrefu. Anafanya nini?"

Asani hakujibu kwa mdomo. Hata hakufikiri. Shingo yake iliinama yenyewe, kichwa kikalala upande wa kushoto, na mkono wa kuume ukapanda ukasimama mbele ya paji la uso, kiganja nje, kama mtu anayejikinga na kijiti cha mlangoni. Akatembea hivyo hatua mbili barazani pa Kabambare, mahali ambapo hapakuwa na kitu juu yake ila hewa.

Bwana Delporte alianza kucheka. Alicheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, akagusa kovu lake la paji la uso. "Pale sitaha inapoanza kushuka," alisema. "Walinituma chini kukwangua kutu. Wiki ya kwanza. Niliamka hospitalini."

"Hukuweka mkono, Bwana," alisema Asani.

"Sikuweka mkono."

"Kila mtu mpya haweki. Chai alikuwa na manundu mawili."

"Yangu haikuwahi hata kuondoka bandarini," alisema Bwana Delporte, kama anaungama. "Mwaka mzima nililala juu ya gamba hilo, na boila zake zilikuwa baridi. Nilihesabu mizinga." Akaokota karatasi, akaisoma tena, mara ya pili, akamwita Théophile. "Andika. Mtu aliyeitwa katika meli Jim Fraidi ndiye huyu. Amezaliwa Kabambare. Weka jina lake la kweli na la baba yake, na la dada yake kuwa shahidi. Nitatia sahihi."

Victorine alikaa kwenye benchi. Alisikia kitu kikifunguka kifuani, kitu alichokuwa amekibana tangu Kasongo, na pengine tangu shimo la ndizi. Machozi yalikuja bila uchungu wowote. Aliyaacha.

Ilichukua muda. Théophile aliandika kwa mwandiko wake wa misheni, mnene huku na mwembamba kule, akakausha wino. Asani alisimama karibu naye mno, akimpumulia sikioni.

"Nisomee."

"Asani, mwana wa Kalonda."

"Onyesha Asani."

Théophile alionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Onyesha Kalonda."

Akaonyesha.

"Sasa rudia tena toka mwanzo, usirukeruke."

"Mzee, nimesoma mara tatu. Wewe uko mubaya kupita Bwana Mara-Mbili."

"Nilishaapia karatasi moja leo, mwanangu. Hii nyingine nataka tujuane kwanza." Akaweka kidole cheusi juu ya jina, si juu yake hasa, kando kidogo, asilichafue. "Hii ya kwanza, inayofanana na paa la nyumba, ndiyo A?"

"Ndiyo."

"Na mwisho wa Kalonda iko tena."

"Iko tena, ila ndogo. Kaka yangu anafundisha watu wazima jioni, kwa nyumba ya katekista. Uko na nafasi, ukuje."

"Nina miaka arobaini na mitano."

"Iko mumoja wa sitini."

Asani aliitazama A ile muda mrefu. Kisha akasema kwamba atakwenda, lakini si leo, leo ana dada yake.

Muhuri ulipigwa. Bwana Delporte alimpa mkono, na makaa yakahamia kwenye kiganja cha ajenti, naye hakukipangusa mbele yao. Walipotoka, mwanamke wa mbuzi aliwapisha njia kwa heshima kama watu wa harusi.

Théophile alikuwa amewaambia wapumzike nyumbani kwake, hatua chache tu nyuma ya biro, kabla ya kwenda kijijini kwa Heri. Mkewe Apolline alitandika mkeka chini ya ukingo wa paa, akaleta maji na ugali wa mihogo na sombe, kisamvu kilichokolea mise, mafuta ya mawese. Ilikuwa bado asubuhi, saa nne hivi, kuku wakipekua, watoto wakienda mtoni na vibuyu. Asani alinawa, akala, akaanza kumweleza dada yake jinsi watakavyokwenda: kwanza kwa Heri na buku mkononi, halafu wamwulize baba alizikwa upande gani wa kijiji, halafu labda wajenge pale karibu, udongo wa huku aliuona ni mzuri, na kama Victorine ataacha kazi ya masista au hapana, hilo ni lake kuamua, yeye hatamlazimisha, ila jiko atalijenga yeye mwenyewe, lenye mlango wa chini unaoshika vizuri.

"Yaya, dada yangu, unanisikia?"

Victorine alikuwa amelala. Mkono mmoja ulikuwa bado ndani ya sahani, na mdomo umefunguka kidogo kama wa mtoto. Asani aliutoa mkono ule taratibu, akaufuta kwa maji, akauweka juu ya mkeka. Akavua kofia yake, akaanza kumfukuzia inzi.